Kuulizwa Mara ya Tatu

Haya, nakutegea wewe uliyekaa hapo. Mimi nakitamani, wewe unakitamani, kila apitaye anakikata nusu, na bado hakiishi. Ni nini? Usiniambie mwezi, mwezi haukatwi kwa kisu. Wala usiniambie mshahara, huo unaisha. Umeshindwa? Basi nipe mji, na ukikosa mji mkubwa nipe hata Vesterlund, maana jibu liko hukohuko: ni kipande cha mwisho cha keki katika chumba cha walimu.

Vesterlund iko kaskazini mwa Minnesota, katikati ya mashamba ya viazisukari yaliyolala tambarare mpaka jicho linachoka kutafuta pa kushika. Watu wa huko, wengi wao wajukuu wa Wanorwei, hawali kipande cha mwisho. Keki huletwa Jumatatu, sinia zima. Kufika mchana kimebaki kipande kimoja, na hapo ndipo kazi inapoanza. Anakuja mwalimu wa muziki, anakikata nusu. Anakuja mwalimu mkuu, anaikata ile nusu. Anakuja mpishi, anasema, "Ah, mimi naonja tu," naye anakata kidogo. Ikifika Jumatano, ndani ya sinia kuna kitu chembamba kama ukucha, kimekauka, kimelala peke yake kama mgonjwa aliyesahauliwa, na hakuna mwenye malezi atakayekigusa.

Mwalimu Ardis Haugerud alikuwa akikicheka kipande hicho kila wiki. Alifundisha darasa la tatu shuleni hapo tangu nywele zake zilipokuwa na rangi ya ngano, na sasa zilikuwa na rangi ya majivu. Wanafunzi wake walipofika kwenye hesabu za sehemu aliwapanga mstari, akawapeleka chumba cha walimu kutazama sinia.

"Nusu ya nusu ya nusu," aliwaambia. "Itaisha lini?"

"Haiishi, Mwalimu!"

"Naam. Hesabu inasema haiishi, na mama zenu wanasema haiishi. Ni mara chache sana hao wawili hukubaliana."

Aliyekuwa akicheka naye ni Orville Brekke, dereva wa basi la shule. Orville alikuwa kapera aliyezeekea ukapera, mrefu, mwenye masikio mekundu majira yote ya mwaka. Akimaliza mzunguko wa asubuhi aliingia chumba cha walimu, akakumbatia kikombe cha kahawa kwa mikono miwili mpaka vidole virudi kuwa vyake.

"Mwalimu," alisema siku moja, akiinua kipande chake kwenye mwanga wa dirisha, "leo mmekata nyembamba. Naliona kanisa upande wa pili."

"Kula, bwana, acha maneno. Kimalize chote."

"Nikimalize mimi? Unataka nikazikwe bila watu?"

Ukishaielewa keki, umeielewa na kahawa. Ukienda nyumbani kwa mtu Vesterlund, atakwambia, "Karibu kahawa." Unasema, "Hapana, usijisumbue." Anasema, "Kikombe kimoja tu." Unasema, "La, nimetoka kunywa sasa hivi," hata kama koo limekauka kama soli ya kiatu. Anasema, "Ipo tayari, bwana, itamwagwa." Hapo sasa unavua koti. Kuulizwa mara ya kwanza ni salamu. Mara ya pili ni adabu. Mara ya tatu ndiyo moyo wenyewe, na aliyeulizwa mara ya tatu hakatai tena, maana kukataa hapo ni kumtukana mwenye nyumba. Je, akiulizwa mara mbili, kisha kimya kikaingia? Anajua. Anazungusha skafu shingoni, anasema naona kama theluji inakuja, anakwenda zake.

Mambo hayo hayafundishwi na mwalimu yeyote. Mtoto anayanyonya tu. Na ndiyo maana majira yale ya baridi Mwalimu Ardis alikuwa mtu aliyevunjika, ingawa alitembea vizuri, alivaa vizuri, na hakuna aliyemwona akitoa chozi.

Ilikuwa hivi. Vuli ile wakubwa wa wilaya walitangaza kwamba shule ingefungwa mwezi wa sita. Mashamba yamemezana, familia zimehama, watoto waliobaki hawajazi hata ukumbi; wangesafirishwa kwenda kusoma mji mwingine. Mwalimu Ardis alikuwa amemzika mumewe, Gerhard, hata majani ya kaburi hayajashikana sawasawa. Nyumba yao ilikuwa nje ya mji, na barabara ya kwenda huko theluji iliifunga na kuifungua ilivyopenda yenyewe. Shule ikifungwa angebaki na nini? Saa ya ukutani, redio, na dirisha linalotazama shamba tupu. Kwa hiyo mwanawe Darrin, fundi umeme aliyekuwa akiishi Duluth na mkewe, alipopiga simu baada ya kusikia habari za shule, Mwalimu Ardis alisimama wima jikoni kabla hata hajaambiwa kitu.

"Mama, si uje ukae na sisi? Chumba kipo."

"Ah, hapana, mwanangu. Msijisumbue. Mimi sijambo hapahapa."

Hiyo ilikuwa ya kwanza, na aliijibu kama inavyopaswa. Alikata simu akitabasamu. Hata alipiga mluzi kidogo akiosha sufuria.

Ya pili ilikuja kwenye sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, huko Duluth, mezani. Hapa sina budi kumtaja mke wa Darrin. Aliitwa Marisela, mtu wa Texas kule chini mpakani, ambako mtu akitaka kitu husema anakitaka. Mwaka wake wa kwanza katika ukoo wa Haugerud aliona kipande cha mwisho cha pai ya boga kimekaa katikati ya meza, watu wote wanakipita kwa macho. Akauliza, "Hiki hakina mwenyewe?" na kabla hajajibiwa kilikuwa kimekwisha kinywani. Shangazi mmoja alikohoa mpaka akapigwa mgongoni. Marehemu Gerhard yeye alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Tangu siku hiyo alimpenda sana mkwewe huyo, na Mwalimu Ardis alimpenda pia, ila kwa tahadhari, kama unavyompenda farasi mkubwa.

Basi siku hiyo, bata mzinga amekwisha kukatwa, Darrin alisema bila kuinua macho, "Mama, lile neno la kuja kukaa huku. Umelifikiria?"

"Jamani, mna mambo yenu mengi. Mimi mzee wa nini hapa? Nitawabana bure."

Alisema hivyo, kisha akaweka uma chini na kulitengeneza koo lake. Maneno yalikuwa yamekwisha kupangwa: *haya basi, kama kweli haitawasumbua.* Alisubiri. Aliangalia mkono wa mwanawe, mkono uleule wa Gerhard, ukizunguka juu ya meza kama unaotafuta kitu.

"Nisogezee mchuzi, mama," alisema Darrin.

Akamsogezea.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwalimu Ardis aliendesha gari akiwa amekaza taya. Hakumkasirikia kijana. Angekuwa mgeni wa mahali, ungesema hajui. Lakini Darrin alilelewa Vesterlund, alikata nusu za nusu tangu akiwa na meno ya maziwa. Alijua hesabu. Aliishia mbili kwa kusudi. Basi ile simu ilikuwa salamu, na lile la mezani lilikuwa adabu, na moyo wenyewe haukuwamo. Na ana haki, alijiambia. Nani anataka mzee mwenye miwani shingoni anayesahihisha watu wakiongea?

Krismasi walikuja wao. Walileta samaki wa ziwani na zawadi ya soksi. Marisela alikuwa kwenye sinki, mikono imezama kwenye povu, Mwalimu Ardis anakausha, mara mkwe akauliza tu, ghafla:

"Mama, unapenda rangi gani?"

"Rangi ya nini?"

"Rangi tu. Ya ukuta, tuseme."

"Ah, yoyote ile. Mimi si mtu wa kuchagua."

"Yoyote haipo, mama. Rangi gani?"

Mwalimu Ardis alidhani wanataka kupaka nyumba yao na mkwe anatafuta maongezi. Akasema, "Nyinyi vijana mnajua zaidi," akageuza sahani. Marisela alibaki amemtazama, maji yanamdondoka viwikoni, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi aliyesimama bila jibu. Kisha Darrin aliita kutoka sebuleni kwamba mashine ya kuondolea theluji haiwaki, wakaenda kumsaidia, na swali likabaki linaning'inia juu ya sinki.

Januari kule ni mwezi wa kuvumiliana. Jua linachomoza limechelewa, linatua mapema, na katikati halina la maana linalofanya. Watoto wanafika na nguo nyingi hata mikono haishuki. Kabla ya somo la kwanza unawavua mlima wa viatu, na kabla ya kwenda nyumbani unawavisha upya. Zamani Mwalimu Ardis alikuwa akitania kwamba yeye ana shahada ya kufunga zipu. Mwaka huu alifunga zipu kimya. Kila zipu aliiona kama ya mwisho.

Siku moja chumba cha walimu kilikuwa na wao wawili tu, yeye na Orville, na sinia likiwa na ukucha wake.

"Orville, basi likiondolewa utafanya nini?"

"Nitalala mpaka njaa initoe kitandani. Halafu nitakula, nirudi kulala."

"Nakuuliza kweli, bwana."

Orville alikuna sikio. "Lavonne ameniambia niende Fargo nikakae kwake." Lavonne alikuwa dada yake, mjane vilevile, mwenye nyumba kubwa. "Anasema kuna chumba chini, kina dirisha na choo chake."

"Amekwambia mara ngapi?"

Orville alikitazama kikombe chake. "Mbili."

Nje, mlinzi alikuwa akikwangua barafu kwenye ngazi, kwaa, kwaa, kwaa.

"Ulitaka?" aliuliza Mwalimu Ardis, kwa sauti ya chini, maana swali la namna hiyo huko ni sawa na kumfungulia mtu kabati lake.

"Nilikwisha kuangalia masanduku darini," alisema Orville, masikio yakiwaka. "Mzee mzima. Nilikwisha kuyapangusa vumbi." Kisha akajichekea. "Labda anapumzika kidogo kabla ya ile ya tatu. Fargo ni mbali, pumzi inakata njiani."

"Labda," alisema Mwalimu Ardis. "Na wangu wa Duluth naye, labda."

"Ehe! Na wewe mbili?"

"Na mimi mbili."

"Ala! Basi tufungue chama." Akamwinulia kikombe, naye akainua chake, wakanywa kahawa ile nyepesi kama watu wanaokunywa dawa. Baada ya hapo, kila walipopishana kwenye korido, Orville aliinua vidole viwili na kugeuza uso wa kuuliza, na Mwalimu Ardis alitikisa kichwa. Bado. Na wewe? Bado. Ilikuwa ndiyo furaha yake ya siku, kama unaweza kuiita furaha.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili basi la shule halikuja.

Watoto wa mjini walikuwa wamefika kwa miguu, wamekaa wachache darasani, viti vya wa mashambani vitupu. Simu ya ofisi ililia, ikalia tena. Wazazi walikuwa wakisema watoto wako barabarani, baridi inakata pua, basi liko wapi? Mwalimu mkuu alimpigia Orville, haikupokewa. Akampigia jirani yake, naye jirani akaenda kumtazama.

"Mwalimu, Orville amelala?" aliuliza mtoto mmoja.

"Orville hajawahi kulala siku ya shule," alijibu Mwalimu Ardis, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akakaa kwenye kiti.

Baadaye mwalimu mkuu alisimama mlangoni na kuvua miwani yake.

Jirani alimkuta jikoni kwake, ameketi, amevaa viatu vya theluji na kofia, tayari kutoka. Moyo ulisimama, basi. Uani basi la shule lilikuwa bado limechomekwa kwenye umeme, injini isigande, kama wafanyavyo wote huko. Jirani alisema aliweka mkono kwenye boneti akaikuta ina joto kuliko Orville mwenyewe. Mwalimu Ardis aliposimuliwa hilo alitoka nje bila koti, akasimama nyuma ya jengo karibu na mapipa, na hakurudi mpaka mpishi alipokwenda kumshika mkono.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka ngazini. Kila aliyewahi kukaa kwenye basi lile alikuja, wengine na wajukuu. Darrin alikuja kutoka Duluth na Marisela. Orville ndiye aliyempeleka Darrin shule tangu akiwa mdogo wa kulilia dirishani. Jeneza liliimbiwa, likaombewa, kisha likapelekwa kuwekwa mahali pa kusubiri, maana ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, na hakuna atakayechimba kaburi kabla theluji haijayeyuka. Hilo lilimuuma Mwalimu Ardis kuliko nyimbo zote. Hata sasa, alifikiri, hata sasa Orville anasubirishwa.

Baada ya hapo watu walishuka ukumbi wa chini ya kanisa kula. Kulikuwa na mabakuli ya nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu, mikate midogo ya nyama ya nguruwe, kachumbari tamu ya matango, na kahawa ya kuogea. Mwalimu Ardis hakuweza kukaa na watu. Aliingia jikoni, akafunga aproni juu ya gauni lake jeusi, akaanza kuosha vikombe. Marisela alimfuata bila kuitwa, akashika taulo.

Hawajafika mbali, mlango ukafunguliwa akaingia Lavonne, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye masikio yaleyale mekundu. Alitazama huku na huku kama aliyepotea.

"Nimekimbia meza ya wafiwa," alisema. "Kila mtu ananishika bega. Nipeni kitu nifute."

"Keti kwanza, Lavonne," alisema Mwalimu Ardis.

"Sitaki kuketi, Ardis. Nikiketi nitaanguka." Akachukua taulo, akaanza kufuta sufuria ambayo ilikuwa kavu. Alifuta, alifuta. Kisha maneno yakamtoka kama maji yaliyozibuka. "Nilimwambia aje Fargo. Nilimwambia, kaka, chumba kipo, njoo. Akasema usijisumbue. Nikamwambia tena. Akasema tena. Chumba nimekipiga deki mwenyewe, nimeweka na redio. Nilitaka kumwambia mara ya tatu. Nilikwisha kuishika simu. Nikasema ngoja, nisimfunge. Ukimuuliza mtu mara ya tatu umemfunga, hana pa kutokea, lazima aje hata kama hataki. Nikasema mzee wa watu ana nyumba yake, ana mambo yake, nimwache awe huru. Nikasema nitamuuliza Pasaka, akinijia kula." Akaishusha sufuria. "Wewe ulikuwa ukiongea naye kila siku. Unadhani alitaka kuja?"

Mwalimu Ardis alikuwa na mikono ndani ya maji. Aliyaona masanduku yale darini, yamepanguswa vumbi. Alifungua mdomo amwambie hapana, alikuwa ameridhika, alipapenda kwake. Ungekuwa uongo wa huruma, na huruma nyingi duniani zinakwenda hivyo. Lakini sauti haikuja, na alikawia mno. Lavonne alimtazama usoni, akasoma.

"Ndiyo," alisema Lavonne polepole. "Nilijua." Akaikunja taulo vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka mezani, akatoka.

Mwalimu Ardis aliegemea sinki. Kumbe mtu anaweza kunyamaza kwa sababu anakupenda. Muda wote ule alikuwa amekitazama kile kimya upande mmoja tu, upande wa anayesubiri. Hakuwahi kuzunguka aone upande wa pili kuna nani.

"Sielewi," alisema Marisela. "Alitaka kuja, na huyu alitaka aje. Sasa kwa nini hakuuliza tena? Tatizo ni nini?"

"Ni namna yetu, Marisela."

"Namna gani?"

"Ya kwanza unakataa. Ya pili unakataa. Ya tatu ndiyo ya kweli."

Marisela alikaa na kikombe mkononi, anakigeuza, anakigeuza. Uso wake ulianza kubadilika. Ndipo Darrin aliposukuma mlango kwa bega, amebeba sinia la vyombo vichafu.

"Simama hapohapo," alisema Marisela.

"Nimefanya nini tena?"

"Ulimuuliza mama mara ngapi kuja kukaa kwetu?"

Darrin alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akatafuta pa kuweka sinia na hakupaona. "Mara mbili," alisema.

"Na ya tatu?"

"Sikumuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Akaliegemeza sinia tumboni. "Ukimuuliza mara ya tatu hawezi kukataa. Angekuja kwa kulazimika. Ana nyumba yake hapa, ana kaburi la baba. Sikutaka kumng'oa kwa nguvu. Nilinyamaza ili awe huru."

"Mimi nilidhani umeniuliza kwa adabu tu," alisema Mwalimu Ardis. Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile iliyonyamazisha madarasa.

"Nilinyamaza kwa adabu, mama. Kuuliza niliuliza kweli."

"Mungu wangu," alisema Marisela. "Nyinyi watu mna adabu mpaka mnauana." Akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Mimi hesabu zenu sizijui. Huyu aliniambia mama hataki, nisimsumbue. Nikasema ngoja nimjaribu mwenyewe, nimuulize rangi ya chumba. Akinitajia rangi moja tu, Jumamosi naanza kupaka. Nikamuuliza Krismasi, hapo kwenye sinki lake. Akaniambia yoyote! Nilikwenda dukani nikasimama mbele ya vile vikadi vya rangi mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa."

"Nilidhani ni maongezi tu," alisema Mwalimu Ardis.

"Maongezi! Mama, nani anaulizwa rangi ya ukuta wa chumba asichokwenda kukaa?"

"Na chumba sasa kikoje?"

"Kikoje? Kiko vilevile. Plasta tupu, na alama za penseli za mwanao pale alipotaka kuweka taa ya kusomea."

Huko ukumbini watu walikuwa wakisogeza viti, wameanza kuagana. Mtu mmoja alikuwa akiuliza sufuria yake iko wapi, mwingine akisema theluji inakuja tena kutoka Dakota. Sauti ya Lavonne haikusikika. Mwalimu Ardis alifikiria Pasaka ya Lavonne, na meza yake, na kiti kimoja kitupu.

Darrin aliweka sinia sakafuni, akajiinua. Mama yake alimwona akivuta pumzi, akimeza mate, akikusanya maneno kama baba yake alivyokuwa akiyakusanya, moja moja, kwa shida, kama mtu anayeokota misumari kwenye nyasi. Aliona pia kwamba anaogopa. Angeweza kumsubiri. Alikuwa amesubiri majira yote ya baridi. Kusubiri dakika moja zaidi kungekuwa kitu gani?

Alitoa mikono kwenye maji, akaifuta kwenye aproni, akamgeukia mkwewe.

"Njano," alisema. "Ile ya siagi, Marisela, si ya limau. Ya limau inaniumiza macho."